Maana ya Neno Kutajwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa. Nimechaguliwa.

Wapangaji wote tulikutana uani, pale penye bomba, kutafuta mtu wa kutusimamia mahakamani. Mwenye nyumba alifariki mwaka jana, mwanawe akaiuza nyumba, na huyo Mnunuzi anataka tufungashe wote ili ajenge maghala. Tumepeleka ombi mahakamani tusitolewe. Ombi lenyewe liliandikwa bure na binti mmoja msaidizi wa sheria, yule wa miwani. Ila yeye haruhusiwi kusimama mbele ya hakimu. Kazi yake kuandika na kuelekeza. Lazima mmoja wetu awe mwakilishi.

Kinyozi wa chumba cha mbele alijipendekeza kabla watu hawajakaa vizuri. Akasema yeye anazungumza na watu kutwa nzima na wote wanamkubali. Nikasema watu hao huwa na wembe shingoni, wasikubali wana wazimu? Uwanja mzima ukacheka. Nikaona upepo umegeuka, nikasimama. Nikasema mimi nimewahi kufanya kazi mahakamani.

Si uongo. Nilipeleka chai kwa makarani masika nzima, mpaka ulipotokea ule mgogoro wa sukari. Sukari sikuigusia.

Dada yangu akakohoa. Yeye hufanya usafi zahanati, na mimi nalala chumbani kwake nyuma ya pazia tangu biashara yangu ya betri ilipokufa. Alikohoa, lakini hakusema. Nadhani aliona heri niwe na kazi isiyolipa kuliko niendelee kuhesabu mabati.

Mkono wa kwanza kuninyooshea ulitokea dirishani. Mzee Seremala. Miguu yake ilikataa kazi mwaka juzi, kwa hiyo mikutano huihudhuria akiwa kitandani, dirisha wazi. Mkewe, Mama Mfuaji, akafuata. Halafu wengine.

Kinyozi amerudi dukani kwake bila kuaga. Nimeusikia mkasi wake ukikata hewa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mahakama imetoa amri ya muda. Karani alinisomea: mpaka shauri lisikilizwe, hali ibaki kama ilivyo.

Maneno mazuri sana. Niliyarudia njia nzima. Jioni nikawakusanya watu na kuwafafanulia kwa lugha nyepesi. Hali ni hali. Kubaki ni kubaki. Kama ilivyo, ni kama ilivyo. Kwa hiyo asiguse mtu kitu chochote.

Mpangaji mmoja akauliza, je mlango wa choo uliong'oka juzi? Nikafikiri. Nikasema mlango huo amri imeukuta umeng'oka, na ung'oke hivyo hivyo mpaka hakimu aseme vingine. Wakanung'unika. Sasa watu huingia na shuka, mmoja ndani, mwenzake nje kashika pembe mbili.

Kinyozi alikuwa ameshanunua rangi ya kupaka kibao chake upya. Nikamwambia asithubutu. Akaniuliza mwenye nyumba ni mimi? Nikamjibu mimi si mwenye nyumba, mimi ni sheria inayotembea. Akafyonza mpaka nikahofia meno yake.

Dada naye alitaka kulisogeza pazia langu ili apate nafasi ya kuweka ndoo. Nikamweleza kuhusu hali. Akalisogeza. Dada hana heshima kwa mahakama.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Tatizo limezaliwa. Yule binti wa miwani ameanzisha darasa. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye darasa moja la shule ya msingi jirani, anawaeleza watu maneno ya mahakama kwa lugha rahisi. Bure. Nusu ya wapangaji wangu walikwenda.

Nami nilikwenda. Nikakaa nyuma kabisa, kwenye dawati la mtoto, magoti yakinigusa kidevu. Nikakiri moyoni kwamba anaeleza vizuri, na hilo ndilo lililonitia homa. Mtu anauliza, yeye anajibu kwa maneno mafupi, mtu anaelewa, anakwenda zake. Hakuna anayebaki kumshangaa. Huo ni ujuzi au ni kuuchezea ujuzi?

Alieleza hata ile amri yetu. Akasema maana yake ni kwamba Mnunuzi asitutoe na sisi tusijenge vipya, basi. Mlango wa choo tunaruhusiwa kuutengeneza. Watu wote wakageuka wakanitazama. Nikajitia naandika.

Mwisho akanifuata. Mpole sana. Akaniuliza kama ningependa tukae kidogo, anieleze tarehe za mahakama zinavyokwenda, maana mwakilishi ndiye macho ya wenzake. Nikamwambia mimi mahakama naijua tangu yeye hajaota meno. Akatabasamu, akasema sawa kaka, ila nikikwama nimuulize, hata kwa simu.

Kukwama. Mimi.

Mlango wa choo umerudishwa jioni hii. Kinyozi ndiye aliyeugongelea misumari, akipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimetoka mahakamani. Shati lilikuwa limepigwa pasi na Mama Mfuaji, kola imesimama kama ubao. Hatukukaa hata dakika chache. Hakimu alikuwa na safari. Karani akatoka na faili, akasoma namba yetu, akasema shauri litatajwa Alhamisi ijayo, tarehe ishirini. Nikainamisha kichwa kwa heshima. Wakili wa Mnunuzi naye akainamisha, ila yeye aliandika kitu kwanza.

Jioni nilikwenda kukaa na Mzee Seremala, kama kawaida yangu. Nikiri hapa, ambapo hakuna anayesoma, kwamba saa ile ndiyo naipenda kuliko zote. Chumba chao kinanuka sabuni na vumbi la mbao. Kitanda kikubwa alikitengeneza mwenyewe, humo humo ndani, alipooa. Hakijawahi kupita mlangoni. Mimi nakaa ukingoni, namletea maneno ya siku, yeye anayageuzageuza kama mtu anayekagua kipande cha mbao.

Leo nilimletea neno kutajwa. Nikamweleza kuwa ni jambo dogo. Shauri linatajwa tu: fulani na fulani wana shauri lao, yupo, hajafa. Basi, faili linafungwa. Huhitajiki kuwepo. Sisi wote hutajwa kila siku bombani na hatupo, tena tukiwepo ndipo watu wananyamaza.

Mzee alicheka hadi kikohozi kikampanda. Mama Mfuaji akamwinua, akamsugua mgongo. Kilipotulia, Mzee akasema, "Lakini mwanangu, kule kliniki nesi akitaja jina langu na mimi sipo, anaita mwingine."

Nikamwambia kliniki ni kliniki na mahakama ni mahakama.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Alilisema kwa imani kabisa. Nilitoka kifua mbele.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Nimelimaliza darasa la binti. Kwa ustadi.

Asubuhi na mapema nilipita mlango kwa mlango nikitangaza kwamba darasa limeahirishwa. Nililitamka kwa uzito. Watu wakauliza maana yake nini. Nikawaeleza: limesogezwa mbele hadi tarehe itakayotangazwa. Wakashukuru. Mama Mfuaji alikuwa ameshajifunga kitambaa cha kutokea. Alitaka kwenda kuuliza, akasema, habari za hizi tarehe. Nikamwambia kila swali lake lina jibu hapa hapa uani. Akavua kitambaa, akarudi kwenye beseni lake.

Dada alikuwa zamu zahanati, la sivyo angeniharibia.

Saa nne binti akanipigia. Ameshangaa kuona madawati matupu. Nikamwambia watu wametingwa na kazi. Akauliza tarehe yetu ni lini. Nikamwambia nimeishika. Akauliza lini. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Mchana kutwa nilikaa kwenye kiti changu chini ya kivuli cha ukuta, nikajibu maswali. Hata Kinyozi alikuja. Alijifanya anachota maji, kisha akauliza, pembeni pembeni, mdaiwa na mshitakiwa tofauti yao nini. Nikamwambia tofauti iko kwenye uso. Akaenda zake akiwa amekunja paji, anafikiri.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Leo tumetajwa.

Sikwenda. Niliamka kwa utaratibu, nikanywa chai. Mama Mfuaji alikuja na shati langu mkononi, lingali na joto la pasi. Akasimama mlangoni. Akauliza kama sijachelewa. Nikamweleza tena habari ya kutajwa, polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Akasema, "Basi hata ukaketi nyuma tu, mwanangu, usikie walivyotutaja?"

Nikamwambia mtu mwenye hadhi hafuati maneno yanayosemwa juu yake.

Akalitundika shati kwenye msumari, akaondoka.

Siku ilikuwa ya baridi, mawingu yameshuka. Nilishinda nikimwonyesha Kinyozi jinsi hakimu anavyovua miwani. Nilifurahi. Nadhani hata yeye alifurahi.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Ushindi.

Tarishi wa mahakama ameleta karatasi. Nikaipokea mimi, mbele ya watu. Nikaisoma kimya kwanza, kama wanavyofanya. Kisha kwa sauti: shauri la waombaji limefutwa kwa waombaji kutofika.

Mpangaji mmoja akauliza ndiyo kusema nini.

Nikavuta pumzi. Nikasema ndugu zangu, mtu akikudai, kisha deni likafutwa, unalia au unacheka? Wakasema tunacheka. Mtu akishitakiwa kosa, kosa likafutwa, analala wapi? Wakasema nyumbani. Sasa basi, shauri limefutwa. Halipo. Hakuna tena shauri la kututoa. Na hilo neno kutofika? Kinyozi ndiye aliyeuliza. Nikasema maana yake shauri halikutufikia. Limeishia njiani.

Kinyozi akashika kidevu. Akasema lakini mbona imeandikwa la waombaji, na waombaji si ni sisi? Nikamwambia hiyo ndiyo shida ya kusoma karatasi kwa jicho la nywele. Watu wakamcheka. Alikuwa na haki ya kuuliza mara ya pili. Hakuuliza.

Wamenibeba. Kweli wamenibeba, wamenizungusha bomba. Dada alirudi kutoka kazini akanikuta juu ya mabega ya watu, akaweka mfuko wake chini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu betri. Mama Mfuaji alikuwa amefunga vyombo kwenye makasha tangu mwezi jana, kwa hofu. Nikamwamuru afungue. Akafungua, akapanga sahani zake zote rafuni. Mpangaji wa kona aliyekuwa ameshapata chumba kwingine amekwenda kukirudisha.

Mzee aliniita dirishani akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Viganja vyake bado vigumu kama ubao usiopigwa randa.

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika nikiwa nimekalia gunia.

Walikuja asubuhi. Dalali wa mahakama, askari wawili, na vijana wengi wenye nyundo na mitarimbo. Mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba isiyo na haraka. Nikavaa shati, nikatoka na karatasi yangu. Nikawaambia wamepotea nyumba. Shauri limefutwa.

Dalali alikuwa mtu wa makamo, ana mafua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akapangusa pua, akaichukua karatasi, akaitazama, akanirudishia.

"Shauri lililofutwa ni lenu ninyi," akasema. "Mlikuwa mnaomba msitolewe. Siku ya kutajwa hamkuja, hakimu akalifuta ombi. Ile amri ya kumzuia Mnunuzi asiwatoe nayo ikafa. Kwa hiyo leo mnatolewa."

Alisema hivyo tu. Hata mtoto angeelewa. Nilisikia nyuma yangu watu wameelewa.

Nikamuuliza kwa sheria ipi. Sauti ilitoka nyembamba. Akasema, bwana, nisaidie tuwatoe wazee kwanza, mvua inaongezeka.

Sahani za Mama Mfuaji zilitolewa zikiwa rafuni, rafu na sahani kwa pamoja, na zilipofika mlangoni zikateleza zote. Kiti cha Kinyozi, kile cha kuzunguka, kiliwekwa katikati ya tope kikawa kinazunguka chenyewe kwa upepo. Kinyozi alikuwa ameshika vioo vyake viwili kwapani, amesimama tu. Hakunitukana. Nilingoja anitukane.

Kitanda cha Mzee kilikataa mlango. Vijana wakamshusha Mzee na godoro, wakamweka sakafuni, wakainua nyundo. Mzee akawaambia wasipige hapo. Akawaelekeza kutoka sakafuni, taratibu, kama anafundisha wanagenzi: gonga pembeni, kuna kigingi, kikitoka hicho ubao utaachia wenyewe. Wakafanya alivyosema. Kikafunguka vipande vipande bila kuvunjika hata kimoja. Kijana mmoja akasema kazi safi hii, mzee. Mzee akasema ahsante.

Tulimlaza chini ya upenu wa Kinyozi. Upenu wenyewe unavuja. Nilishika karatasi yangu juu ya kichwa chake. Ililowa mara moja.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Tuko kwenye banda la mbao alikokuwa akifanya kazi Mzee zamani. Mwenye banda amemhurumia, katuruhusu pembe ya nyuma. Sakafu ya mchanga. Mbao zimesimamishwa kila upande, tunaishi kama panya kwenye rafu.

Wengine wametawanyika. Yule wa kona aliyekirudisha chumba amekikuta kimepangishwa. Dada amepata pa kulala kwa mwuguzi mmoja wa zahanati. Kitanda kimoja. Pazia halipo. Nilipouliza kuhusu mimi, akasema, "Wewe si sheria inayotembea? Tembea."

Sikujua kama aliwahi kulisikia neno hilo. Kinyozi ana mdomo.

Mzee anapumua vibaya. Kifua kinalia kama mlango. Mama Mfuaji anamgeuza, anamkanda, anamgeuza. Nimejitolea kumsomea gazeti. Akasema baadaye, mwanangu.

Nimefikiria sana kosa liko wapi. Nimeliona. Ni la karani. Angesema njooni, ningekwenda. Alisema litatajwa. Mtu mzima anayelipwa mshahara, anashindwa kusema njooni.

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Mzee amefariki alfajiri, hospitali.

Tulimpeleka jana kwa mkokoteni wa mbao, mimi mbele, Kinyozi nyuma. Penye kilima Kinyozi alisukuma kwa nguvu mno na mimi nikamwambia apunguze, na hayo ndiyo maneno yote ya njiani.

Daktari akasema mapafu yamejaa maji, na baridi imezidisha. Mzee alikuwa na akili zake. Alimuuliza mkewe kama mbao za kitanda zimefunikwa. Mama akamwambia zimefunikwa. Hazikuwa zimefunikwa. Kinyozi akatoka nje akaenda mbio, nikajua anakwenda kuzifunika.

Mimi nilibaki. Nilitaka kumwambia Mzee kitu. Nilisimama karibu na kichwa chake. Nesi akataja jina lake ili ampe dawa, na Mzee akainua mkono kidogo, kama pale dirishani. Nikatazama ukutani.

Asubuhi walipotuita, karani wa hospitali alimpa Mama fomu ya kujaza kwa ajili ya cheti cha kifo. Nikaanza kumweleza cheti hicho ni nini, kinatolewa na nani, tofauti yake na kibali cha mazishi. Nilikuwa naeleza vizuri. Mama Mfuaji akaniwekea kiganja mkononi.

"Nyamaza kidogo, mwanangu," akasema. "Kidogo tu."

Nikanyamaza. Tulikaa kwenye benchi. Alikuwa na povu lililokauka kwenye viwiko, maana jana alitoka kwenye beseni moja kwa moja.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Binti wa miwani amekuja bandani kutoa pole. Alikaa juu ya gogo. Hakuniuliza kuhusu darasa, wala simu. Ningependelea aulize.

Akatueleza kwamba mambo hayajaisha. Nyumba bado haijabomolewa, Mnunuzi anasubiri vibali. Kuna njia ya kumwomba hakimu alirudishe shauri lililofutwa, na akilirudisha, anaweza kuturejesha vyumbani mpaka asikilize pande zote. Ila tuwe na sababu nzuri ya kutofika siku ile, na sababu hiyo iandikwe kwa kiapo. Wa kuapa ni mwakilishi. Siku zenyewe ni chache.

Watu wakanitazama. Mama Mfuaji, Dada, Kinyozi, yule wa kona. Kila mtu kwenye gogo lake.

Binti akasema, "Kaka, si lazima kutunga chochote. Sema kweli. Uliambiwa litatajwa, hukuelewa kwamba ni lazima uwepo. Mahakimu wanajua neno hilo linawachanganya watu. Sentensi moja inatosha: sikuelewa maana ya neno."

Nikasema nitafikiri.

Dada akanifuata nje, penye maranda. Nilidhani amekuja kunipiga. Akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu mama yetu afariki hajawahi kuniomba kitu, na ni kweli hajawahi, mimi ndiye huomba. Akasema leo ananiomba. Sentensi moja. Akasema nikiisema, pazia lipo.

Nikamwambia sawa, dada. Akalia. Nikampapasa bega. Nilijisikia mtu mwema sana.

Kinyozi naye alipita, akasimama, akasema hata yeye hakujua maana ya kutajwa, kwa hiyo nisione haya. Hicho ndicho kilichonichoma. Kufananishwa na Kinyozi.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Nimeapa.

Binti alichapa hati ya kiapo jana, ukurasa mmoja, ikiwa safi kabisa. Jina langu, umri, dini, makazi: banda la mbao. Halafu aya ya tatu: kwamba niliambiwa shauri litatajwa tarehe ishirini, na kwamba sikuelewa maana ya neno hilo. Alitaka tufuatane kwa kamishna wa viapo. Asubuhi akapata dharura ya mama mmoja anayenyang'anywa watoto. Akaniambia nitangulie, nisaini, niipeleke moja kwa moja masijala ya mahakama. Rahisi.

Mama Mfuaji alikuwa amenifulia shati. Sijui alipata wapi pasi. Alinifunga kifungo cha juu mwenyewe, kama mtu anayempeleka mtoto shule siku ya kwanza.

Ofisi ya kamishna ni chumba chembamba juu ya duka la magodoro. Meza, mhuri, kalenda ya mwaka wa jana. Watu sita kwenye foleni, na wawili walinifahamu kwa sura. Mmoja akawaambia wengine, huyu ndiye yule anayejua maneno ya mahakama. Wakanisogezea nafasi.

Zamu yangu ikafika. Kamishna hakuinua macho. Akaniuliza kama nimesoma kilichoandikwa na kama ni kweli tupu. Aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka ngazini.

Nikaitazama aya ya tatu. Sikuelewa. Limechapwa kwa wino mweusi, na jina langu juu yake. Karatasi hiyo itakaa mahakamani milele. Makarani wataisoma wakinywa chai. Yupo mmoja atakayenikumbuka kwa ile sukari, atasema nilijua tu.

Nikaomba kalamu. Nikasema kuna kosa dogo la uchapaji.

Herufi chache sana. Kwenye neno sikuelewa nikakata siku, juu yake nikaandika nili. Nilielewa maana ya neno hilo. Nikaweka sahihi pembeni ya sahihisho, maana najua utaratibu. Kamishna akanipongeza kwa hilo. Akasema wengi husahau kusaini penye masahihisho. Akagonga mhuri. Mlio mzuri.

Masijala wakaipokea. Karani akanipa tarehe, Jumatano ijayo, maombi yatasikilizwa.

Nimerudi bandani nikitembea polepole ili watu wanione nikija. Dada alikuwa amepita kuleta uji. Akaniuliza nimeapa? Nikamwambia nimeapa. Kinyozi akanipa mkono, akasema ananiomba samahani kwa mengi aliyoyawaza, na kiti chake kikikauka ataninyoa bure. Nikamsamehe.

Mama Mfuaji aliuliza kama safari hii twende wote, hata kama ni kuketi nyuma. Nikamwambia asijisumbue, ana eda yake, na wengine wana kazi zao. Kusikilizwa ni kazi ya hakimu. Yeye ndiye mwenye masikio. Nikamkalisha, nikaanza kumfafanulia.